Nani alimuua Kapteni Alex? Filamu ya Wakaliga na swali ambalo Kampala tumelizoea

Tuanze na kitu kinachowaudhi watu wengi wakimaliza kuangalia hii muvi. Inaitwa Who Killed Captain Alex?, yaani swali liko palepale kwenye jina, unakaa saa moja na kitu unasubiri, risasi zinalia, helikopta inapiga mabomu majengo ya Kampala, watu wanarushiana mateke ya kungfu, alafu inaisha na hakuna aliyekwambia nani alimuua Alex. Hakuna kabisa. Wazungu mtandaoni wanaona hiyo ndio chekesho kubwa kuliko yote, wanasema dairekta alisahau swali lake mwenyewe. Mimi nabisha. Katika muvi nzima iliyojaa bunduki za mbao na damu ya rangi, hicho ndicho kipande ambacho mtu wa Kampala anakiangalia bila kuona ajabu yoyote, na uchambuzi wangu wote umesimama hapo.

Kwa ambao hamjaiona, filamu ilitengenezwa Wakaliga, geto iliyo bondeni huko chini ya kilima cha Lubaga, karibu na Nateete, mahali ambapo mvua ikinyesha vizuri maji yanaingia mpaka chini ya kitanda. Aliyeitengeneza ni Isaac Nabwana, wenyewe wanamwita Nabwana IGG, mtu aliyekuwa anafyatua matofali kabla ya haya mambo ya sinema, na hakwenda shule yoyote ya filamu, alijifunza mwenyewe. Kompyuta aliiunga mwenyewe kwa vipuri vya hapa na pale. Kampuni yake inaitwa Ramon Film Productions ila dunia nzima inaijua kwa jina la Wakaliwood. Treila iliwekwa YouTube mwezi wa kwanza 2010 ikasambaa kama moto, na ile muvi nzima ikaja kuwekwa 2015. Bajeti inayotajwa siku zote ni dola 200, ingawa Nabwana mwenyewe ameshasema ilikuwa chini ya hapo. Kwa hela hiyo Hollywood hawanunui hata chakula cha mchana cha madereva wao.

Stori yenyewe fupi. Kapteni Alex ni afisa shujaa wa jeshi, katumwa na makomando wake wamalize kundi linaitwa Tiger Mafia ambalo mkubwa wake ni Richard. Wanapambana, makomando wanamkamata mdogo wake Richard, Richard anawaka hasira. Alafu Alex anakutwa amekufa. Anatokea ndugu yake anaitwa Bruce U, fundi wa kungfu, anataka kulipa kisasi. Richard naye anaendelea na vita vyake mpaka helikopta inaibwa na kupiga mabomu mji, jeshi linaingia kwa nguvu zote, mapigano makubwa, mwisho. Watu wa Richard walikuwa wanamtaka Alex, hilo kila mtu analiona, lakini muvi haisemi popote kwamba wao ndio waliomaliza kazi.

Sasa angalia wahusika wanafanya nini baada ya kifo. Hapa ndio nataka tukae kidogo.

Hakuna anayechunguza. Hakuna afisa anayepima mwili, hakuna anayeuliza mlinzi alikuwa wapi usiku ule, hakuna anayeitwa kuandika maelezo. Kila mmoja anachukua kile kifo na kukitumia kwa shughuli yake ambayo alikuwa nayo tangu zamani. Jeshi linapata sababu ya kupiga zaidi. Bruce U anapata sababu ya kupigana, na tuseme ukweli ndicho alichozaliwa kufanya. Richard anabaki na ugomvi wake uleule na serikali. Yani marehemu amekuwa kisingizio, na swali "nani" linabaki limening'inia kwenye jina la muvi bila mwenyewe. Ukimuonyesha mtu aliyezoea muvi za mapelelezi ya Uingereza, ambako lazima mwisho mtu akae kwenye kochi aelezwe kila kitu, atasema hii ni kazi mbovu. Ukimuonyesha dereva wa bodaboda wa Nateete, anatikisa kichwa tu anasema eeh, ndo hivyo.

Manake nini? Tuhesabu kidogo yaliyotupata baada ya hiyo muvi kutoka, na naomba nieleweke kwamba naongelea watu waliokufa kweli, waliokuwa na watoto, sio mzaha.

Tarehe 30 mwezi wa tatu 2015 aliuawa Joan Kagezi pale Kiwatule, mwendesha mashtaka wa serikali, watu kwenye pikipiki, watoto wake wakiwa naye kwenye gari. Huyu mama ndiye alikuwa anaongoza kesi ya mabomu ya 11 Julai 2010, yale ya usiku wa fainali ya kombe la dunia, Kyadondo na Kabalagala, ambako watu zaidi ya 70 walikufa. Mwaka 2016 mwezi wa 11 akauawa Meja Muhammad Kiggundu huko Masanafu. Tarehe 17 mwezi wa tatu 2017 akauawa Andrew Felix Kaweesi, mmoja wa wakubwa kabisa wa polisi, karibu na nyumbani kwake Kulambiro, pamoja na mlinzi na dereva wake. Juni 2018 mbunge Ibrahim Abiriga wa Arua, yule mzee wa nguo za njano na gari la njano, Matugga. Septemba mwaka huohuo Muhammad Kirumira aliyekuwa afisa wa polisi, Bulenga. Juni 2021 wakampiga risasi Jenerali Katumba Wamala kule Kisaasi, yeye akapona lakini binti yake na dereva wakafa.

Watu walikamatwa, sikatai, kesi zingine zikafika kortini na zingine zinaendelea. Lakini muulize mtu yeyote pale steji akwambie nani alimuua Kaweesi. Hatakujibu kwa jina la mtu aliyehukumiwa. Atakuangalia kwanza juu mpaka chini, atavuta pumzi, alafu atakupa nadharia yake, na mwenzake aliyekaa nyuma kwenye siti ya pikipiki atakuwa na nadharia nyingine.

Na baada ya kila kifo kuna mambo ambayo sasa tunayajua kwa mpangilio. Wakubwa wanafika eneo la tukio. Utepe wa njano unazungushwa baada ya watu mia kushakanyaga pale. Mazishini kunatolewa ahadi. Kwa Kaweesi amri ilikuwa ya kuweka kamera za barabarani, na kamera zikaja kweli, ukipita Kampala leo unaziona juu ya nguzo. Baada ya Abiriga zikaja hotuba bungeni, mambo ya namba za magari za kielektroniki, mpaka kofia za sweta za waendesha bodaboda zikawa ajenda ya taifa. Kila kifo kikazaa mradi. Mradi una bajeti, una tenda, una mkandarasi. Jibu ndilo halina mkandarasi.

Nabwana alipotengeneza muvi yake hata moja kati ya hayo halikuwa limetokea, kwa hiyo nisije nikasingiziwa kwamba nasema alitabiri. Hakutabiri kitu. Alichofanya ni kuchukua tabia ambayo tayari ilikuwepo kwenye jamii, hata kabla yake watu walikuwa wanapotea na kufa enzi za Amin na enzi za Obote bila maelezo, wazee wetu wamekua na hayo, akaiweka kwenye muvi bila hata kuona kwamba inahitaji kuelezewa. Ndio maana naamini kazi hii kuliko muvi nyingi za hela nyingi zilizokuja kupigwa hapa na wageni. Hazidanganyi, ila zinajibu kila swali kwa adabu mno.

Nitoe mfano wa jinsi watu wanavyoipokea, manake uchambuzi wa kukaa peke yako na kompyuta hauna maana kwa muvi kama hii. Mimi nimekulia kambi ya polisi, kwetu Kiswahili kilikuwa cha nyumbani na cha uwanjani, Kiganda tulikikuta nje ya geti. Mpaka leo nikiwa upande wa Nsambya napita kwenye saluni moja ya kunyoa ambapo wanakaa vijana wa kambi, Wakongomani waliokimbia vita huko Kivu, na mzee mmoja Mnubi wa kutoka Bombo ambaye anakuja kunyolewa ndevu tu ila anakaa mpaka jioni. Siku moja kijana mwenye saluni akaweka Captain Alex kwenye tivii, ikaisha, nikauliza swali la kijinga kwa makusudi: jamani, sasa nani alimuua?

Kijana wa kambi akasema bila kufikiria, ni watu wake mwenyewe, komando mwenzake, tena sababu ni cheo. Alisema kwa sauti ya mtu anayejua jinsi watu wanavyogombania nyota za mabegani. Mkongomani akacheka akasema nyinyi Waganda mnapenda kufikiri sana, kwetu anayeuawa kambini ameuawa kwa ajili ya mshahara wa askari, kamanda kala hela, basi. Dada mmoja aliyekuwa anasukwa nywele upande wa pili akasema ni mwanamke, na mwanamke alitumwa, na aliyemtuma ni mtu mkubwa ambaye muvi imeogopa kumuonyesha. Hiyo ilishangiliwa. Mzee wa Bombo akanyamaza muda mrefu, tukamuuliza, mzee wewe unasemaje? Akasema, "Wanangu, ninyi mnatafuta aliyeua. Mimi naangalia nani alipandishwa cheo baada ya mazishi."

Unaona? Hakuna hata mmoja aliyesema Richard. Yule mhalifu mkubwa wa muvi, mwenye kundi, mwenye hasira, mwenye sababu, mwenye bunduki, na hakuna aliyempa hata kura moja! Kwa mtu wa nje jibu jepesi kabisa ni Richard. Kwa hawa, mhalifu anayejulikana ndiye wa mwisho kushukiwa, kwa sababu wamezoea kwamba anayeonyeshwa kwenye tivii amefungwa pingu ni yule tu ambaye ilikuwa rahisi kumpata. Hapo kwenye ile saluni ndio nilipata kile ninachokiita kioo cha jamii, na hakikuwa kwenye skrini, kilikuwa kwenye viti.

Twende kwa VJ, manake bila yeye nusu ya uchambuzi imekufa.

Kwa wasiojua, Uganda tuna hawa watu tunawaita VJ, wanakaa na maikrofoni wanasimulia muvi ya kigeni kwa Kiganda wakati inaendelea. Ilianzia kwenye vibanda vya video, mabanda ya mabati na mabenchi na mapazia meusi, ambako watu wengi hawakuwa wanaelewa Kiingereza cha Wamarekani. VJ hakutafsiri tu. Anaongeza, anakejeli, anampa shujaa jina la mtaani, anamtania mbunge fulani, anakutangazia chapati ya jirani. VJ Jingo na wenzake wamekuwa mastaa kuliko waigizaji wenyewe, watu wanachagua muvi kwa jina la VJ, wala hawaulizi nani anaigiza. Captain Alex tuliyonayo ina VJ Emmie, anapiga kelele mwanzo mwisho, kwa Kiingereza chake, anawashangilia makomando, anaicheka muvi huku anaisifia.

Na hapa kuna ajali ya kihistoria inayonifurahisha sana. Ile muvi asilia, isiyo na VJ, haipo. Nabwana aliifuta kwenye kompyuta apate nafasi ya kutengeneza muvi iliyofuata, diski ilikuwa imejaa, na umeme wa Kampala nao tunaujua ulivyo na mashine za watu. Kilichobaki ni nakala hii yenye sauti ya Emmie juu yake. Kwa hiyo huwezi kumtoa. Ukitaka kuona jeshi, mafia na vita vya Kampala, lazima upitie kwenye mdomo wa jamaa wa mtaani anayetoa maoni yake kwenye kila risasi.

Fikiria na wakati wenyewe. Septemba 2009 kulikuwa na zile ghasia za Kampala, Kabaka, mfalme wa Buganda, alipozuiwa kwenda Kayunga. Watu walikufa. Redio ya CBS ya Buganda ikafungwa, ikaja kufunguliwa Oktoba 2010, na ile mijadala ya wazi ya redio tuliyokuwa tunaita ebimeeza, ambapo mwananchi anakuja, anasimama mbele ya watu na soda yake anatoa dukuduku hewani, ikapigwa marufuku. Miezi minne baada ya zile ghasia ndio treila ya Captain Alex inatokea. Sisemi moja limezaa lingine, sina ushahidi huo na sipendi wachambuzi wanaounganisha kila kitu na kila kitu. Nasema tu kwamba mji ulionyang'anywa kimeeza ulikuwa bado umejaa watu wanaojua kuongea juu ya mambo ya wakubwa, na mahali pamoja ambapo sauti hiyo iliendelea bila kibali ni kwenye kibanda cha video. VJ ni kimeeza cha mtu mmoja. Anachoweza ni kuongea juu ya picha ambayo hawezi kuibadilisha, na ndio hali ya raia wengi, helikopta inapita juu yako, wewe unabaki na maoni.

Ukisikiliza kwa makini utaona Emmie naye hajibu swali. Anajua kila kitu kingine, anajua nani ni komando mkali, nani anajua kungfu, anakwambia utegemee nini dakika inayokuja. Kwenye kifo cha Alex anapita haraka kama wengine wote. Sijui kama ni makusudi na wala sijali, ila imekaa vizuri.

Kuna suala la bunduki na sare pia, nitaligusa kwa sababu kwa sisi watoto wa kambi lina uzito wake. Bunduki za Wakaliga zimetengenezwa kwa mbao na vyuma chakavu, kuna fundi wao anaitwa Dauda ambaye anaweza kukutengenezea mtambo wowote kutoka kwenye takataka za gereji. Damu ilikuwa inawekwa kwenye kondomu zinapasuka kifuani. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe mpaka ikaleta magonjwa, wakahamia kwenye rangi ya chakula. Watu wa nje wanaona ubunifu wa maskini, na ni kweli. Mimi naona kitu kingine. Naona vijana wa geto ambao mwanajeshi kwao ni mtu anayepita kwenye gari la wazi akiwa ameshika silaha, safari hii wao ndio wamevaa, wao ndio wanatoa amri, wao ndio wanaitwa komando. Kwa siku chache za kupiga muvi yule anayesimamishwa barabarani anakuwa anayesimamisha.

Mwaka 2010 huo mchezo uliwezekana. Septemba 2019 jeshi lilitangaza kwenye gazeti la serikali kwamba bereti nyekundu ni mali ya jeshi, wakati ambapo bereti hizo zilikuwa alama ya kundi la Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani, na raia akikutwa na vazi la jeshi sheria inaweza kumfunga hata maisha. Julai 2020 wachekeshaji wa kundi la Bizonto walikamatwa kwa sababu ya video yao iliyotaja wakubwa wa vyombo vya serikali wanatoka upande gani wa nchi. Ukiweka haya pamoja unaona kwamba ile muvi imekuwa kama picha ya mlango kabla haujafungwa. Leo kijana akija kwangu aniambie anataka kupiga muvi ya makomando barabarani Nateete, na sare, na bereti, nitamwambia atafute kwanza wakili.

Ila nisiipambe kupita kiasi, kuna mengi ambayo muvi hii haioni.

Raia hawamo. Mji unapigwa mabomu lakini hatuoni nyumba ya mtu, hatuoni mama mwenye kibanda cha rolex, ile chapati ya mayai, ambaye biashara yake imeungua, hatumsikii mgonjwa. Kwa muvi iliyopigwa katikati ya watu, kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, hilo ni pengo la ajabu, jirani amekodolea macho nyuma ya kamera lakini mbele ya kamera hayupo. Wanawake wapo, ila wapo kama wake na majasusi, hakuna anayeamua kitu. Mwaka 2017 wanawake zaidi ya 20 waliuawa maeneo ya Entebbe na Nansana, miili inatupwa vichakani, na nakumbuka jinsi maswali yalivyopotea haraka zaidi kuliko ya wakubwa. Kama tunasema Captain Alex inaonyesha jamii inavyokaa na kifo kisicho na jibu, basi inaonyesha pia ni kifo cha nani kinachostahili hata kuwa jina la muvi. Ni cha kapteni.

Alafu korti. Hakuna korti kwenye muvi yote. Hakuna hakimu, hakuna wakili, hakuna hata polisi wa kawaida mwenye daftari. Mwanzoni nilidhani ni hela, jengo la korti ni ghali kuigiza. Lakini hao watu wametengeneza helikopta kutoka kwenye vyuma chakavu! Wangetaka korti wangepata meza na koti jeusi. Haikuwajia akilini tu, na mtazamaji naye haimjii akilini kuuliza.

Na kuhusu wageni. Alan Hofmanis, Mmarekani wa New York, aliona treila akapanda ndege mwaka 2011 akaja Wakaliga, akaishia kuhamia na kuigiza kama Mzungu anayepigwa kwenye kila muvi. Kickstarter ya 2015 iliomba dola 160 ikaleta zaidi ya dola elfu 13. Baadaye Bad Black, baadaye Crazy World mpaka tamasha la Toronto 2019. Nawapongeza. Ila nimesoma komenti za kutosha chini ya ile video kujua kwamba wengi wanapenda Uganda ya kuchekesha, na wasomi wetu wa Kampala, wale wa mitaa ya wenye hela ya Kololo na Naguru, waliona aibu kwa sababu hiyohiyo, kwamba dunia itatucheka. Pande zote mbili zimeangalia bunduki ya mbao zikasahau kusikiliza stori. Sokoni kwetu biashara ilikuwa nyingine kabisa: waigizaji wenyewe wanabeba DVD mlango kwa mlango, wanauza kwa shilingi elfu chache, wanakimbizana na maharamia ambao baada ya siku chache watakuwa wameshaizalisha. Hawalipwi kuigiza, wanachopata ni sehemu ya kile wanachouza. Aliyenunua alinunua kutoka kwa komando mwenyewe mlangoni kwake, na aliweza kumuuliza uso kwa uso nani alimuua Alex.

Kuna watu wanasema jibu lilikuwa kwenye ile nakala iliyofutwa. Hiyo nadharia nimeisikia zaidi ya mara moja na naiheshimu, kwa sababu inafanana na tunavyoongea kuhusu mafaili: ushahidi ulikuwepo, uliondoka. Kwa muvi sidhani. Jina lina alama ya kuuliza na watu wa Wakaliga wanajua kuuza muvi inayofuata.

Kwa kesi za kweli mambo ni magumu zaidi. Mwaka 2025, miaka 10 baada ya kifo cha Kagezi, mshtakiwa mmoja alikiri kushiriki, akahukumiwa miaka 35. Habari ilipotoka nilikuwa palepale saluni, kijana wa kambi akageuka kwa mzee wa Bombo akasema haya mzee, hiyo moja imejibiwa. Mzee akaomba kioo aangalie ndevu zake, akasema huyo ni wa pikipiki, je aliyelipa mafuta ya pikipiki? Wakaanza tena kubishana upya, na mwenye saluni akabadilisha chaneli akaweka mpira.